Mwenye Mto

Mtaa wetu ulimjua kwa pua. Akisimama mlangoni kwako asubuhi, kabla hajasema kamwene, salamu yetu ya huku, alikuwa amekwisha kunusa, na kwa jinsi mdomo wake ulivyobanana ulijua ameshakukuta na kosa. Tulimwita Bibi Afya kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya tangu ujana, kukagua vyoo, mashimo ya taka na mabucha, na alipostaafu hakuna aliyemwambia kwamba kazi imekwisha. Au aliambiwa, akaona halimhusu. Alivaa koti lilelile la kijivu la ofisini, buti za mpira za kijani, na mkononi alishika fimbo ya mwanzi ambayo hakuitumia kutembelea. Aliitumia kuchokonolea.

Nitamsema kama alivyokuwa. Kumpamba siwezi, maana mwenyewe alichukia mapambo, na mimi nina deni la ukweli kwake ambalo msomaji ataliona mbele.

Sisi tunaokaa upande huu wa Mjimwema tuko mtelemkoni. Chini kabisa unapita mto mdogo unaokwenda kuingia Ruhuji. Wageni wakifika Njombe husimama barabarani kupiga picha maporomoko ya Ruhuji, wakasema huku kuzuri, baridi safi, maji safi. Hawajui maji yale yametokea kwa nani. Mimi najua. Juu, wenye mashine za kupasua mbao walimwaga maranda mpaka maji yakawa na rangi ya chai iliyolala. Chini kidogo, wauza kitimoto waliosha matumbo ya nguruwe. Wakulima wa viazi walisuuza pampu za kupulizia dawa palepale walipochota maji ya kumwagilia. Na pampasi. Mungu anisamehe, sijui mtaa ule ulikuwa na watoto wangapi, lakini pampasi zilikaa juu ya mawe zimevimba kama maandazi, nasi kila Jumapili tulivuka daraja kwenda ibadani tumefunika pua kwa vitambaa vilivyopigwa pasi.

Na hatukuwa watu wachafu. Hilo ndilo linalonitia kinyaa mpaka leo. Nyua zetu zilifagiliwa kabla ya jua kutoka, sufuria ziling'arishwa kwa majivu, mgeni alipewa maji ya kunawa kabla hajakaa vizuri. Kila kilichotoka ndani kikiwa kibaya tulikitupa chini, na chini hapakuwa kwetu.

Bibi Afya hakutumia neno uchafu. Alisema neno hilo ni la risala. Yeye alisema mavi. Alisema mavi kwa mtendaji wa kata, alisema mavi kwenye kikao cha wazazi shuleni, na Jumapili moja ya mavuno, aliposimama kutoa tangazo la umoja wa wanawake, alisema mavi kanisani. Alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kuzaliwa, aliyesomea shule ya misheni ya Kidugala enzi hizo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumkalisha.

"Wapendwa katika Bwana," alisema, "maji mnayoyaona pale darajani ni mavi. Tena ni yetu. Msiseme ni ya Wakatoliki. Wao wako ng'ambo ya kilima, ya kwao yanatelemkia upande mwingine."

Mchungaji alikohoa. Kwaya ikaanza wimbo kabla ya wakati wake. Mke wangu alinikanyaga mguu ili nisicheke, na mimi sikuwa na haja ya kucheka, kwa sababu yangu mwenyewe.

Watu wanaomsifu sasa wanapenda kusema alikuwa mama wa mtaa. Uongo. Alikuwa mkali bila mpango na mara nyingine bila haki. Kulikuwa na mama mmoja mjane, jirani yangu wa tatu, aliyelima vinyungu, zile bustani za bondeni za wakati wa kiangazi, mita chache kutoka majini. Sheria inasema mita sitini. Mama yule alikuwa hana mita sitini za kitu chochote duniani. Bibi Afya alimng'olea mboga zake zote mchana kweupe, chainizi iliyokuwa imeshika vizuri, akaziweka kwenye kapu, akaenda nazo nyumbani, akazipika. Nilimuuliza ilikuwaje akazila. Akasema, "Ningezitupa zingeoza, zingeleta nzi." Mama yule hakumsalimia mwaka mzima, na mimi sikumlaumu.

Watoto pia hakuwapenda. Wakimkaribia aliwafukuza kwa fimbo kama kuku wanaoingia jikoni. Na yeye aliyewafuatilia watu kwa kutema mate barabarani, mwenyewe alivuta ugoro, akapengea kwenye kitambaa ambacho sitakieleza. Ukifika kwake ulidhani umepotea njia ukaingia jalalani: chupa za plastiki, viroba vya mbolea, ndala zisizo na wenza, vyote alivyovitoa mtoni, vimerundikwa mpaka dirishani akisubiri gari la halmashauri. Gari lilikuwa na siku zake. Majirani walisema Bibi Afya ananuka kuliko mto. Alisikia. Akasema angalau kwake kinachonuka kinaonekana.

Mbele ya maofisa ndiyo usimwite kabisa. Mwaka mmoja tuliletewa miche. Kulikuwa na sherehe ya kutunza vyanzo vya maji, viti vya plastiki, turubai, mgeni rasmi, ngoma ya shule. Miche yenyewe ilikuwa milingoti, ndiyo mikaratusi. Mtu yeyote aliyekulia huku anajua mlingoti unavyokunywa. Babu zetu waliupanda mahali walipotaka kukausha matope. Lakini miche ya milingoti ndiyo iliyokuwepo kitaluni, inaota haraka, picha ya mwakani inatoka vizuri. Basi tukaipanda kandokando ya mto, mstari mzuri, tukipiga makofi. Nami nilipanda mmoja. Nilijua ni upuuzi, nikashindilia udongo kwa kisigino, nikapokea soda.

Asubuhi yake Bibi Afya aliing'oa yote. Alianza darajani akamalizia kwenye bwawa dogo lililo chini yake, akaifunga mafungu kama kuni, akaiweka mlangoni pa ofisi ya kata. Aliitwa kujibu shtaka la kuharibu mazingira. Mimi nilikuwepo, kama shahidi wa kumwona.

"Bibi Afya," mtendaji alimwambia kwa upole, maana alimheshimu, "wewe si ndiye unayetupigia kelele za mto kila siku? Leo unang'oa miti?"

"Hiyo si miti, ni mirija," alijibu. "Mnataka kuunywa mto, unyweni kwa midomo yenu, msiagize milingoti."

"Mgeni rasmi alipanda ule wa kwanza kwa mkono wake."

"Huo ndio ulikuwa mwepesi kung'oka."

Walimwonya kwa maandishi. Karatasi ya onyo aliifunikia ndoo ya maji ya kunywa.

Sasa nifike kwangu, nisijifanye mtazamaji. Nina duka la misumari na bati, na nyuma ya duka nina nyumba ya wapangaji, vyumba vinane, choo kimoja. Wenye nyumba wa mtelemkoni wanaijua siri hii hata wakikana. Inaitwa kutapisha choo. Unatoboa ubavu wa shimo upande wa chini, unapitisha bomba, unaliziba kwa gunzi la muhindi lililoviringishwa kitambaa. Shimo likijaa unangoja mvua kubwa. Mvua ikishuka unachomoa gunzi, shimo linatapika, maji ya mvua yanabeba kila kitu mpaka mtoni, na baada ya hapo hakuna wa kusema kilitoka kwa nani. Nilifanya hivyo miaka mingi. Nilijiambia kila mtu anafanya. Ni kweli, wengi walifanya.

Alasiri moja ya masika, mvua inapiga bati mpaka husikii redio, nikavaa koti la mvua, nikashuka nyuma ya choo, nikachomoa gunzi. Likaanza. Nilipoinua kichwa, ng'ambo ya mto, hatua kama kumi tu, Bibi Afya alikuwa amekaa juu ya jiwe chini ya mwavuli. Mapajani alikuwa na kindoo cha viazi vya kuchemsha.

"Kamwene, Baba Faraja."

"Kamwene, Bibi Afya."

"Endelea tu," alisema. "Mimi nakula."

Akamenya kiazi, akauma, akatafuna polepole akitazama kilichokuwa kikipita katikati yetu. Nilijaribu kurudisha gunzi, halikurudi. Kilichokuwa kinasukuma kilikuwa na nguvu kuliko mkono wangu, na kilinirukia mpaka kifuani. Nikasimama vile. Hakugeuza uso. Hakuziba pua. Yule mwanamke aliyenusa kila mlango wa mtaa alikula viazi vinne mbele ya tapishi la choo changu kana kwamba yuko kwenye harusi ya mpwa wake.

"Umekula mchana?" akaniuliza.

"Bado, Bibi Afya."

"Shika."

Akanirushia kiazi. Nilikidaka kwa mkono uliokuwa na gunzi. Sikukila, na kukitupa sikuthubutu, maana ningekitupa wapi mbele yake? Nilikaa nacho kimeloa mpaka shimo likaisha, naye akafunga kindoo chake, akaondoka. Wiki ileile niliziba bomba kwa saruji na kuanza kuchimba shimo jipya upande wa juu. Nilingoja anitangaze. Hakumwambia mtu hata mmoja. Kila Jumapili alinisalimia kama siku ile hatukuonana, na nilitamani heri angenitukana.

Alichokitaka Bibi Afya kilikuwa kitu kimoja, nacho nilikielewa baadaye sana. Alitaka pale chini ya daraja, kwenye lile bwawa dogo, mtu aweze kukaa. Basi. Aweze kukaa, avue viatu, aingize miguu, asiumwe. Tulimcheka. "Njombe hii? Mwezi wa saba tunalala na mablanketi matatu, nani atakwenda kuoga mtoni?" Alijibu kwamba hajasema kuoga, amesema kukaa. Mwenyewe hakuwahi kuingiza hata kidole cha mguu. Aliogopa maji. Alipokuwa mdogo yalimchukua ndugu yake, alinidokeza hivyo mara moja, akabadilisha mazungumzo akaniuliza bei ya misumari ya bati.

Mwenyekiti wetu wa mtaa alikuwa ametangaza siku za usafi mara nyingi, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya bajaji. Walikuja watu wawili, mmoja akiwa anatafuta kuku wake. Mali ya wote ni mzigo wa nani? Bibi Afya ndiye aliyetafuta njia, na njia hiyo ilikuwa ya kwetu hasa, ndiyo maana ilifaulu, na ndiyo maana ilituharibia.

Kwetu shamba likikushinda unaita mgowe. Unapita nyumba kwa nyumba, unawaomba watu siku fulani waje na majembe yao, wanalima mpaka jua la mchana, na wewe mwenye shamba unawalisha na kuwanywesha. Kesho wakiita wao, unakwenda. Huwezi kuita mgowe kwenye shamba ambalo si lako, na ukiitwa na mjane huwezi kukataa. Ukikataa, siku ya msiba wako utachimba kaburi peke yako. Basi Bibi Afya, naye mjane, akapita mlango kwa mlango.

"Jumamosi nina mgowe," alituambia.

"Wapi, Bibi Afya?" mke wangu akamuuliza. "Shamba lako si liko Mlangali?"

"Mtoni. Mto wangu umenishinda."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Jumamosi tukaenda wote. Mwenyekiti alikuja na panga, wauza kitimoto walikuja, wenye mashine za mbao walituma vijana wao, hata yule mama wa vinyungu alikuja, ananuna, lakini jembe begani. Makande yalikuwa masufuria matatu. Na ulanzi, pombe yetu ya mwanzi, mzee wa kanisa huyu aliagiza ulanzi, madumu na madumu, mtamu wa asubuhi na mwingine uliolala. Mchungaji alimwita baadaye. Akamjibu, "Baba Mchungaji, kwa chai watu wanautazama mto. Kwa ulanzi wanaingia."

Tuliingia. Sitasahau nilichokishika siku ile. Magodoro yaliyooza, mizoga ya mbwa, utumbo uliogeuka kamba, kitu laini ndani ya mfuko ambacho mwenzangu alikifungua, akatapika juu ya buti zangu. Nilijiona nimeshika maisha yetu kwa upande wa ndani. Bibi Afya alisimama ukingoni, kavu, akielekeza kwa fimbo: hiki huku, kile kule, hicho kirudisheni kwa mwenyewe, namjua.

Aliita migowe mitatu. Wauza kitimoto wakachimba shimo lao. Maranda yakaanza kubebwa na wafuga kuku. Kandokando tukapanda mianzi na mivengi, ile miti yetu inayopenda maji bila kuyamaliza. Kina mama wakatengenezewa jiwe la kufulia chini zaidi, mbali na bwawa. Yule mama wa vinyungu akapewa kipande juu kwenye mita halali, Bibi Afya akapeleka mbegu mwenyewe, ikawa ndiyo samahani, maana kwa mdomo hakuwahi kuiomba. Na chini ya daraja tukapanga mawe makubwa ya kukalia.

Nitakiri, palipendeza. Kaa walirudi, wale wadogo wa rangi ya udongo. Mdiria alikuja akakaa juu ya waya. Wazee walihamishia drafti yao pale, kwaya ya vijana ikawa inafanya mazoezi ukingoni Jumapili jioni, watoto walishika vyura na Bibi Afya akawafukuza. Siku moja nilimkuta mke wangu amekaa pale peke yake, miguu majini, hafanyi chochote. Miaka ishirini na mitatu ya ndoa, sikuwahi kumwona hafanyi chochote. Nikakaa pembeni yake. Tukakaa.

Halafu kosa letu likajionyesha. Ukishakula chakula cha mgowe kwenye shamba la mtu, umekiri kwamba ni lake. Tulikuwa tumekula makande ya mtoni mara tatu. Kuanzia hapo, mwanzi ukianguka mtu alikwenda kwa Bibi Afya: njoo, mwanzi wako umeziba njia. Chupa ikielea: Bibi Afya, kwako kumechafuka. Mwanamume mzima, mwenye mikono miwili, aliruka chupa akapanda kilima chote kwenda kumwarifu mama wa miaka sabini na kitu. Nami nilifanya hivyo. Mara ya kwanza ilikuwa utani. Baadaye haikuwa utani, tulikuwa tunaamini. Naye hakukanusha, alichukua fimbo yake akashuka. Nilimwona akishuka kila wiki, kila wiki polepole zaidi, mpaka mguu wa kushoto ukavimba, sukari, wakasema, na binti yake akaja kumchukua kumpeleka Makambako.

Haukupita msimu mmoja. Pampasi ya kwanza niliiona mwenyewe, juu ya jiwe alilokuwa amekalia mke wangu. Nikamwambia jirani, tazama. Akasema, "Tutafanyaje? Mwenye mto amehama." Alisema kwa huzuni kabisa. Ndiyo iliyonichefua, ile huzuni yake. Watu walipita darajani wakimsikitikia Bibi Afya kwa jinsi mali yake ilivyoharibika, huku wakiiharibu.

Ndipo akaja mtu wa Makambako mwenye magari ya mizigo. Alitaka pale chini ya daraja pawe pa kuoshea magari, na kando yake baa ya nyama choma. Mawe yetu yangesagwa kokoto, maji yangechepushwa, oili na sabuni zingeteremka Ruhuji. Mwenyekiti alipendezwa. Lakini wajumbe walisita, na msidhani walisita kwa ajili ya mto. Walisema haiwezekani kugawa shamba la mtu bila idhini yake. Basi ikaandikwa barua, ikapigwa mhuri, nikatumwa mimi kwa sababu huenda Makambako kuchukua bati. Nilikubali kuibeba. Nilijiambia mimi ni tarishi tu.

Nyumba ya binti yake iko jirani na reli, mahali upepo wa Makambako unapopita na vumbi lake bila kubisha hodi. Nilimkuta barazani, blanketi magotini, mguu umewekwa juu ya kigoda. Alikuwa amepungua sana. Koti la kijivu lilimmeza.

"Kamwene, Bibi Afya."

"Kamwene, Baba Faraja." Akanusa. "Umetoka kula kitimoto."

Tukasalimiana kwa urefu, wapangaji, kanisa, baridi ya huko. Mto hakuuliza. Nilimpa barua. Alitafuta miwani, akaisoma yote, midomo ikicheza. Palipoandikwa mmiliki wa mto akapaweka kidole, akapasoma tena.

"Na wajumbe wazima wamekaa wakaandika hivi?"

"Wameandika."

"Na wewe ukabeba."

"Nikabeba."

Nilidhani ataniambia neno lake lile. Badala yake macho yakamjaa maji, jambo ambalo sikuwahi kuliona, nikatamani niwe mahali pengine.

"Nilisema uongo mmoja, Baba Faraja. Nilisema mto ni wangu. Nilidhani watu wakila na kushiba, wakiona panavyopendeza, watasema hapana Bibi, ni wetu. Nilingoja mtu anibishie. Siku moja tu mtu mmoja anibishie." Akafuta macho kwa kile kitambaa. "Hakuna. Mlikuwa na adabu mno."

Nikamrudishia blanketi magotini.

"Shamba likimshinda mwenyewe kwa uzee, anafanyaje?" akaniuliza, sauti imerudi ya ofisini.

"Anamrithisha mtu."

"Nipe kalamu."

Aliandika nyuma ya barua ya mtaa, herufi kubwa za mtu aliyejaza fomu maisha yake yote. Akamwita binti yake na jirani mmoja waweke sahihi. Akanipa. Ilisema kwamba yeye, mwenye mto, akiwa na akili timamu, amenikabidhi mimi mto wote kuanzia darajani, niutunze au niuuze, shauri yangu.

"Bibi Afya, mimi?" nikasema. "Wewe unajua nilichokuwa nafanya. Uliniona."

"Nilikuona. Wengine sijui wananuka wapi, wewe najua. Tena uliziba." Akavuta blanketi. "Nenda, basi litakuacha."

Mwenyekiti aliisoma karatasi akiwa amesimama, akaisoma tena amekaa. Wajumbe wakatazama mhuri na sahihi, wakatikisa vichwa: imekamilika, haina kasoro. Hakuna hata mmoja aliyecheka. Jioni ileile mwenye magari alikuwa dukani kwangu, ananiita mzee wangu, ananiambia tuyajenge, yeye na mimi tu, mtaa hautuhusu. Sikumkatalia. Nasema kweli, sikumkatalia. Nilimwambia anipe siku tatu, na kwa siku mbili nilikuwa nikihesabu sababu za kukubali, na zilikuwa nyingi, na zote zilikuwa na akili.

Asubuhi ya siku ya tatu nikasikia hodi. Alikuwa yule mama wa vinyungu, amefunga khanga puani.

"Kamwene, Baba Faraja. Kuna nguruwe amekufa pale bwawani. Amevimba mpaka ngozi imepasuka."

Nilitaka kumwambia apige simu halmashauri. Nilitaka kumwambia nina wateja. Nilijua vilevile kwamba nikishuka na koleo mbele ya watu nimekubali kuwa mwenye mto, na mwenye magari arudi kwao.

"Umewaambia wengine?" nikamuuliza. "Tukisaidiana wote atatoka."

"Wengine wako darajani tangu alfajiri," alisema. "Wamekaa wanangoja waone kama utashuka."

Harufu ilikuwa imeshafika mlangoni. Mke wangu alinitazama, akaenda nyuma kuniletea buti. Alipozileta alikuwa ameshavaa za kwake.